Waheshimiwa, okoeni kilima kwanza: barua ya wazi kuhusu Husuni Kubwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Kamishna wa Uhifadhi, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA),
Kwa Idara ya Mambo ya Kale,
Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu kilima kimoja tu. Kiko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mashariki ya mji wa kale, na juu yake yamesimama magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye umri wa karibu miaka 700. Upande wa bahari kilima hicho hakiteremki polepole. Kinakatika ghafla kwa jabali, na vyumba vya mwisho vya jumba viko pale pale ukingoni. Ombi langu ni hili: kabla ya gati, kabla ya vyoo vya wageni, kabla ya mabango na njia za zege, wekeni fedha na wataalamu katika kukikinga kilima hicho kisiendelee kuliwa na maji ya mvua. Ukuta ukipasuka fundi atauziba. Ardhi iliyoubeba ukuta ikienda baharini, hakuna fundi wa kuirudisha.

Ninafundisha historia hapa Kilwa Masoko. Wanafunzi wangu wakisimama ufukweni wanaiona Kisiwani ng'ambo ya mkondo, karibu kiasi cha kuona moshi wa majiko ya watu. Hata hivyo wengi wao wanaweza kunieleza habari za makasri ya wafalme wa Ulaya kabla hawajaweza kunieleza nani alijenga jumba lililo mbele ya macho yao. Kwa hiyo mniwie radhi nikianza kwa historia. Sidhani kama mtu anaweza kulipigania jumba asilolijua, na baadhi ya watakaosoma barua hii ndio wanaopitisha bajeti.

Anayeshuka Kisiwani hupokewa na Gereza. Ngome ile ya wakati wa Waomani, iliyojengwa mahali ambapo Wareno walikuwa wametangulia kuweka ngome yao, iko karibu na maji na haina kificho. Wageni wenye haraka huishia hapo na kwenye Msikiti Mkuu. Kufika Husuni Kubwa kunataka miguu: unapita katikati ya nyumba za wanakijiji, minazi na mibuyu, unaambaa na mikoko, kisha njia inaanza kupanda. Ukifika juu unaelewa mara moja kwa nini mtu mwenye uwezo alichagua pale. Upepo wa bahari haukatiki, na chombo chochote kinachoingia bandarini unakiona kabla hakijashusha tanga.

Aliyelijenga, kwa ushahidi uliopo, ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, maarufu kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Alitawala takriban kati ya mwaka 1310 na 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen walioshika kiti cha Kilwa mwishoni mwa karne ya 13 baada ya ile nasaba ya Washirazi ambayo habari zake kila mtoto wa pwani amezisikia: Ali bin al-Hasan akinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka kote. Tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha habari za wafalme wake, inasimulia kuwa al-Hasan bin Sulaiman alikwenda Aden kusoma angali kijana, akaendelea hadi Makka kuhiji, na nduguye Daud akamshikia kiti mpaka aliporejea. Alirudi akiwa ameona miji ya watu, na alichokijenga kinaonyesha hivyo.

Fedha zake zilitokana na pepo za msimu, kusi na kaskazi. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo nahodha angeweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja. Kusini zaidi ya hapo kulikuwa Sofala, mlango wa dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe. Wafanyabiashara wa Kilwa ndio waliokwenda kuichukua, wakaileta, wakaiweka tayari kabla wageni hawajafika. Mji ukawa ghala la bahari nzima: dhahabu na pembe za ndovu kutoka bara, nguo na shanga kutoka Hindi, kauri kutoka Uchina. Jumba la juu ya kilima lilijengwa kwa mali hiyo na kwa ajili ya mali hiyo.

Naomba mlitembelee pamoja nami kwa maneno, kwa kuwa ramani za kitaalamu huwa hazisomeki kwa mtu wa kawaida. Upande wa kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vingi. Watafiti wanakubaliana kwamba huko ndiko kulikokuwa na shughuli za biashara na maghala. Ukielekea kaskazini, yaani kuelekea baharini, unaingia makazi ya Sultani mwenyewe. Kuna ua ulioshushwa chini wenye ngazi pande zake, ambapo watu wangeweza kuketi wakati Sultani anapokea wageni au anaamua kesi. Kuna ukuta wenye zidaka za kuwekea taa, safu juu ya safu. Kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Hilo ndilo wanafunzi hulikumbuka hata wakisahau mengine yote, na hawakosei, maana kuliweka birika la namna hiyo juu ya jabali ilimaanisha maji matamu yamepandishwa huko kwa mikono ya watu. Ncha ya kaskazini kabisa ina vyumba vinavyotazama bahari, na kulikuwa na ngazi za kushukia ufukweni. Jumla ya vyumba inazidi 100. Kwa mamia ya miaka hapakuwa na jumba kubwa kama hili katika ukanda wetu wote wa Afrika.

Tazameni na ukuta wenyewe, kwa kuwa matatizo ninayotaka kuyaeleza yanaanzia humo. Kuta zilijengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe ya nchi kavu, vikashikishwa kwa chokaa. Miimo ya milango, mapambo na maandishi yalichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo fundi huyachonga yakiwa bado mabichi na baadaye hukauka yakawa magumu. Chokaa ilichomwa papo hapo: matumbawe yanapangwa juu ya lundo la magogo, moto unawashwa, na kilichobaki kinazimwa kwa maji na kuachwa kikae kabla ya kutumika. Vyumba vingi ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na dari ya mawe na chokaa ni nzito mno. Pale ambapo Sultani alitaka nafasi isiyobanwa na boriti, mafundi wake walimwezekea kuba na matao. Hakuna simenti katika kitu chochote cha hayo. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa simenti, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na jiwe linaanza kumung'unyika nyuma ya plasta inayoonekana nzima.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, aliteremka Kilwa. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, na akamsifu Sultani huyu huyu kwa ukarimu na ucha Mungu. Ni yeye aliyetuachia kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemsimamisha Sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali, akaingia nyumbani mwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akaona si sawa nguo za mfalme kubaki kwa mwombaji, akazichukua na kumlipa fakiri watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanavyoisifu sadaka ile, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki nikikifundisha sikati mwisho wake. Ukarimu ule ulilipwa kwa watu. Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kwamba Sultani alifanya uvamizi wa mara kwa mara bara na kugawa nyara. Watu 20 waliotolewa zawadi kwa siku moja walikuwa na majina na mama zao, na kuna uwezekano mkubwa kwamba watu wa namna yao ndio waliobeba maji ya lile birika la pembe nane. Bango lolote mtakaloweka Husuni Kubwa naomba liseme hayo pamoja na fahari. Watoto wa Kilwa, ambao wazee wao waliona Kilwa Kivinje ikiwa soko la watumwa la karne ya 19, wanaweza kuubeba ukweli huo. Kinachowavunja moyo ni kuona tunauficha.

Al-Hasan bin Sulaiman hakuacha jumba tu. Aliupanua Msikiti Mkuu kuelekea kusini, na ingawa sehemu ile ilianguka na ikajengwa upya karne ya 15, ukubwa tunaouona leo unafuata mawazo yake. Aligonga sarafu. Za shaba ni nyingi, upande mmoja jina lake na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na maneno hayo yanakwenda kwa vina na jina lake, kama ubeti. Zipo pia chache za dhahabu, jambo nadra mno kusini mwa Sahara kwa zama hizo. Sarafu yake moja ya shaba iliokotwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale huko bara, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwangu mimi kipande hicho kidogo kinasema zaidi ya kurasa nyingi kuhusu njia ya dhahabu. Ndani ya Husuni Kubwa kwenyewe lilipatikana jiwe la maandishi lenye jina lake. Ndiyo maana nilisema kwa ushahidi uliopo.

Halafu jumba likaachwa. Hili ndilo linalowashangaza wengi. Husuni Kubwa halikukaliwa kwa karne na karne. Inaonekana halikumalizika hata kujengwa, na muda wake wa kutumika ulikuwa mfupi. Aliyemrithi al-Hasan ni nduguye Daud. Ibn Battuta anamtaja kuwa kinyume cha kaka yake: mwombaji akija, anamjibu kuwa aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Wapo wanaodhani hayo ndiyo maelezo, kwamba hazina ilikauka. Wapo wanaotazama tauni kuu ya katikati ya karne ya 14, iliyovuruga biashara kuanzia Uchina hadi Misri. Lililo wazi ni kwamba wafalme waliofuata walirudi chini mjini, karibu na msikiti na bandari, na kilima kikaachiwa miti.

Kwa hiyo Wareno walipofika, Husuni Kubwa lilikuwa gofu tayari. Vasco da Gama alitia nanga mwaka 1502 na kumlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa wakati huo, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilifuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisani, kikakamilika mwaka 1506, na chombo chenyewe kina maandishi yanayotaja kuwa kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, yaani Kilwa yetu. Hadi leo kinaonyeshwa Lisbon, katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, kikiwa ndani ya kioo, kinalindwa, kinapimiwa joto na unyevu. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida alirudi na kundi la merikebu, akauteka mji, wakaupora, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Nayataja haya kwa ufupi kwa sababu vitabu vya shule huyaeleza kwa kirefu, kana kwamba Kilwa ilianza kuwa na historia siku ile merikebu za Wareno zilipoonekana. Kilima cha Husuni kinaonyesha kwamba walikuta mji uliokwisha kuishi utukufu wake mkubwa karibu miaka 200 kabla yao.

Jumba lilitolewa tena vichakani na mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960. Kazi yake ndiyo iliyotupa ramani, majina na tarehe. Hata hivyo, gofu lililofukiwa na udongo na kufunikwa na miti lina ulinzi wa aina yake. Ukilifukua, ukaondoa kifusi, sakafu na kuta zinakutana na mvua uso kwa uso, na kuanzia siku hiyo umejitwisha wajibu wa kulitunza.

Sasa nifike kwenye hatari yenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi kubwa ilifanyika baada ya hapo, na naishukuru serikali, wafadhili na wanakijiji waliobeba mawe: kuta zikaimarishwa, mikoko ikapandwa, hatua zikachukuliwa dhidi ya mawimbi karibu na Gereza. Mwaka 2014 tukaondolewa kwenye orodha ya hatari. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini Gereza linakabiliana na bahari, na bahari inaonekana. Adui wa Husuni Kubwa anatoka juu. Maelezo ya UNESCO yenyewe kuhusu urithi huu yanasema hivyo: maji ya mvua yanayoteremka jabalini yanazidisha hatari ya kuporomoka kwa kuta zilizobaki ukingoni, na mimea iliyoota kwenye jabali imepunguza kasi ya maji hayo lakini wakati huo huo inapasua kuta. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili na kila anayepanga kazi pale. Mti ule ule unaoshika udongo ndio unaovunja jiwe. Ukiuacha, mizizi inapanua nyufa. Ukiung'oa bila mpango, unaondoka na mawe, na mvua inayofuata inachukua udongo uliokuwa umeshikwa.

Jambo hili huwa nawaonyesha wanafunzi kwa karibu. Kuna mahali mzizi wa mtini umeingia kwenye kiungo cha mawe, umejibapa kama utepe, umepita ndani ya ukuta na kutokea upande wa pili ukiwa mnene kama mkono wa mtu mzima. Chokaa kandokando yake inatoka kwa kidole, unga mweupe uliochanganyika na chembe za mkaa wa tanuri la zama zile. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini tusiukate leo, namwonyesha jiwe la juu lililoegemea mzizi huo, kisha namwonyesha jabali lilivyo karibu.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, mvua ilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kusini maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani, na viongozi wakafika haraka kuona madaraja. Barabara ilistahili haraka hiyo. Maji hayo hayo yanashuka pia katika nyua za Husuni Kubwa, yanakusanyika juu ya sakafu zilizopasuka, yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni ukingoni. Mvua kubwa za namna ile tukizihesabu kuwa bahati mbaya ya mwaka mmoja tutakuwa tunajidanganya.

Ninachoomba kwanza ni mpango wa maji, kabla ya mpango mwingine wowote. Mhandisi anayejua udongo na miamba aje masika, siyo kiangazi, asimame pale mvua ikinyesha, aone maji yanatoka ua gani na yanaelekea wapi. Kisha yachorwe mapito ya kuyaelekeza nyuma, upande wa bara ambako kilima kinashuka taratibu, yasiendelee kumwagikia jabalini. Si lazima iwe kazi ya fedha nyingi. Mafundi wa Sultani waliweza kupandisha maji juu ya kilima hiki, nasi tuna vifaa vya kuyateremsha salama.

Pamoja na hilo, jabali lipimwe. Timu ya Chuo Kikuu cha Cape Town iliwahi kuyapima magofu ya Kilwa kwa leza, kwa hiyo tunayo picha kamili ya jinsi yalivyokuwa wakati huo. Vipimo hivyo vilinganishwe na hali ya leo, na vilinganishwe tena kila baada ya masika, ili mtu akituambia ukingo umesogea aseme umesogea kiasi gani. Kwa sasa kila mmoja wetu ana maoni yake, nami nikiwemo, na maoni hayapitishi bajeti.

Kuhusu miti, naomba ikabidhiwe kwa watu maalumu waliofundishwa, wenye kazi ya mwaka mzima. Vibarua wanaoitwa kufyeka siku mbili kabla ya ujio wa kiongozi hawawezi kujua upi ukatwe juu ya ardhi na kuachwa, upi uachwe kabisa kwa kuwa unashika jabali, na wapi zioteshwe nyasi za mizizi mifupi. Watu wa kufundishwa wapo. Kisiwani wapo waashi wanaojua chokaa, waliofanya kazi katika ukarabati uliopita, na baadhi yao wana umri mkubwa sasa. Wakiondoka bila kurithisha, tutaanza kuagiza wataalamu wa kutufundisha kazi ambayo babu zetu waliianzisha. Wapeni vijana wa kijiji mikataba chini ya waashi hao, na mseme wazi katika kila mkataba kwamba simenti haiingii Husuni Kubwa.

Najua swali litakaloulizwa: fedha zitoke wapi? Meli za kitalii zimeanza kutia nanga kwetu, wageni wanalipa, na kuna nia ya kuongeza idadi yao. Siipingi nia hiyo. Mama anayeuza maandazi na pweza Kisiwani anahitaji wateja, na kijana mwenye mashua anahitaji abiria. Lakini sehemu ya kila tiketi itengwe kwa ajili ya kilima, ijulikane ni kiasi gani, na kijiji kijulishwe. Na mpaka mhandisi athibitishe usalama wa ukingo, wageni wasipelekwe kwenye vyumba vya kaskazini kwa makundi. Picha ya bahari inapatikana pia ukisimama hatua kadhaa nyuma.

Kuna mwenzake wa jirani nisimsahau. Ng'ambo ya bonde dogo kuna Husuni Ndogo, uzio mkubwa wa mstatili wenye kuta nene na minara, ambao wataalamu bado wanabishana ulikuwa wa kazi gani: soko, kambi ya wasafiri, au kitu kingine. Jibu liko ardhini. Idara ya Mambo ya Kale ikishirikiana na vyuo vikuu vyetu inaweza kuchimba pale, kwa uangalifu, na wanafunzi wa Kilwa wawe sehemu ya wachimbaji. Lakini hata hilo lisubiri maji yadhibitiwe. Tusifukue tena tusichoweza kukifunika.

La mwisho linanihusu mimi na wenzangu wa ualimu. Baadhi ya vitu vilivyopatikana Kilwa viko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka darasani kwangu. Sisemi virudishwe kwenye jengo lisilo na ulinzi. Naomba nakala: nakala ya jiwe lenye jina la Sultani, nakala za sarafu ambazo mtoto anaweza kuzishika na kuzigeuza, na maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili, yawekwe Kilwa Masoko mahali ambapo mwanafunzi haingii kwa kiingilio. Na shule za wilaya hii zivushwe bure kwenda Kisiwani japo mara moja kwa kila darasa. Nauli ya mashua ni kitu kidogo katika bajeti ya Halmashauri. Kwa mzazi mwenye watoto wanne si kidogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inawapa mamlaka ya kuyalinda haya yote. Naomba ripoti ya hali ya jabali la Husuni Kubwa, iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ibandikwe ofisi ya kijiji Kisiwani na mahali vinapotolewa vibali vya kuvukia, kabla ya masika ijayo. Ikionyesha kuwa nimezidisha hofu, nitaisoma mbele ya wanafunzi wangu na nitawashukuru hadharani. Ikionyesha kuwa kilima kinakwenda, mtakuwa na miezi ya kiangazi ya kuanzia kazi, na mtatukuta tayari kubeba mawe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Kilwa Masoko